Mti Mchungu Wapewa Kazi Mpya

Katika miinuko ya Kasulu na Kibondo kuna mti ambao mtoto wa Kiha huujua kwa ulimi kabla hajaujua kwa jina. Wataalamu wa mimea huuita Vernonia amygdalina. Waswahili wengine huuita mtukutu. Warundi huuita umubirizi, na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha za damu moja, jina hilo halihitaji mkalimani Kasulu. Kwa sura hauna makuu: ni kichaka kinachoweza kurefuka hadi kuwa mti mdogo, majani yake ni ya kijani kilichokolea, maua yake madogo na meupe. Tawi lake likichomekwa ardhini hushika, ndiyo maana hufaa kwa ua wa nyumba na mpaka wa shamba.

Dawa yake haina siri. Huchumwa konzi ya majani mabichi, yakafikichwa kwa viganja ndani ya bakuli la maji baridi mpaka maji yageuke kijani na povu lipande kama la sabuni. Povu hilo ni kazi ya saponini, kemikali zilizomo kwenye jani. Makapi hukamuliwa, maji huchujwa, na mgonjwa hunywa kwa mkupuo mmoja, maana akionja kidogo kidogo hatamaliza. Uchungu hubaki nyuma ya ulimi kwa muda mrefu baada ya bakuli kuwekwa chini.

Kazi za mti huu zilizozoeleka ni mbili: homa na tumbo. Mwenye homa hunyweshwa, mwenye minyoo hunyweshwa. Kuhusu kazi ya pili tuna ushahidi kutoka mkoa huohuo wa Kigoma, na umetoka kwa mgonjwa ambaye hakushauriwa na mtu. Mwezi Novemba 1987, katika milima ya Mahale iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walikuwa wakimfuatilia sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku. Kalunde ni Mtongwe aliyelelewa katika elimu ya mitishamba ya kwao, na alikuwa akifanya kazi na watafiti wa Kijapani waliokuwa wameanza kuchunguza sokwe wa Mahale mwaka 1965. Chausiku alikuwa mnyonge. Alijilaza wakati wenzake wanakula, na choo chake hakikuwa sawa. Akaufikia mti ambao Watongwe huuita mjonso, akavunja machipukizi, akamenya gamba na majani na kuyatupa, akatafuna kiini laini cha ndani, akafyonza maji yake machungu na kutema nyuzi. Ndani ya siku moja alikuwa amechangamka tena.

Mjonso wa Watongwe ndio umubirizi wa Warundi. Kalunde ndiye aliyemweleza Huffman kuwa kwao mti huo ni dawa kali, na jina lake likawekwa kwenye makala waliyoichapisha pamoja mwaka 1989. Jambo hilo la jina si dogo. Wazee wengi wa Afrika Mashariki waliwaonyesha wageni mimea, kisha vitabu vikatoka vikimtaja mgeni peke yake. Baada ya hapo wanakemia wa Kyoto waliupasua mti huo na kutoa kemikali zake, miongoni mwao vernodalini na jamii ya glukosidi walizoziita vernoniosidi, wakazijaribu juu ya vimelea. Uchungu uliomfaa sokwe ukapata majina na vipimo.

Leo, katika nchi za Maziwa Makuu, mti huu umeongezewa kazi ya tatu. Watu wenye kisukari wanaunywa ili washushe sukari ya damu. Nataka kuifuatilia kazi hiyo ya tatu, kwa sababu ni changa kuliko wengi wanavyodhani, na kwa sababu njia ya kuithibitisha si ile iliyotosha kwa homa na minyoo.

Mwenye homa hujua amepona: jasho limemtoka, amekaa kitako, ameomba uji. Mwenye minyoo huiona. Sukari ya damu haionekani. Mtu anaweza kutembea miaka mitano na sukari iliyo juu, akalima, akaoa, huku mishipa midogo ya macho na figo ikiharibika bila maumivu yoyote. Siku akinywa kitu kichungu akajisikia mwepesi, hana namna ya kujua kama kilichobadilika ni damu yake au ni moyo wake uliopata tumaini. Zamani kulikuwa na dalili chache za kushika: kiu isiyokatika, kukojoa usiku kucha, kukonda huku unakula, na sisimizi waliokusanyika pale mgonjwa alipokojoa. Hao sisimizi walikuwa kipimo cha kweli, ila walikuja sukari ikiwa imeshazidi sana hadi kumwagikia kwenye mkojo.

Basi, Waha wa zamani waliutibu vipi ugonjwa huu? Naamini hawakukutana nao mara nyingi. Mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho kongosho huacha kabisa kutengeneza insulini, alikonda na kufa ndani ya wiki au miezi, popote duniani, mpaka insulini ilipopatikana Toronto na kuanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1922. Kifo cha mtoto huyo kingeweza kuhesabiwa kuwa cha homa, au mkono wa mtu. Kisukari cha ukubwani nacho hupenda miili iliyonenepa na umri uliosonga, na Buha, yaani nchi ya Waha, ya nusu ya kwanza ya karne iliyopita haikuwa na nafasi kubwa kwa vitu hivyo viwili. Nchi ilivamiwa na majeshi ya Wabelgiji mwaka 1916, ikakabidhiwa kwa Waingereza mwaka 1921. Malale yakapiga, na katika miaka ya 1930 watu wa upande wa Kibondo walihamishwa kutoka kwenye mbung'o na kukusanywa katika makazi maalumu. Wanaume wakawa wanateremka hadi reli ya Kigoma kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na tangu 1944 shirika la kuandikisha manamba, SILABU, lilikuwa likiwachota kwa maelfu. Daktari wa wilaya alihesabu malale, ndui na njaa. Sukari haikuwa kwenye daftari lake.

Vifaa vya kuitafuta vilikuwepo, vikitumika pale mganga wa hospitali alipoishuku. Kabla ya glukometa, kifaa kidogo cha kupima sukari kwa tone la damu, mkojo ulipimwa kwa maji ya buluu yaliyopewa jina la Stanley Benedict, Mmarekani aliyeyabuni mwanzoni mwa karne ya 20. Maji hayo yaliwekwa kwenye neli ya kioo, yakadondoshewa matone ya mkojo, yakachemshwa. Yakibaki buluu, hakuna sukari. Yakigeuka kijani, ipo kidogo. Kisha njano, kisha rangi ya chungwa, na mwisho wekundu wa tofali uliotua chini ya neli, na hapo mpimaji hakuwa na la kujadili. Kipimo kilikuwa rahisi, lakini kilimfikia aliyefika hospitali tu, na katika Buha ya makazi yaliyotawanyika kufika hospitali, hata zile za misheni za Kabanga na Heri, kulimaanisha kutembea. Operesheni Kigoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwakusanya watu vijijini, kwa hiari na kwa nguvu, na zahanati zikafuata vijiji.

Ushahidi wa kuhesabu tunaupata mwaka 1989. Donald McLarty, daktari Mskoti aliyejenga kliniki ya kisukari Muhimbili, pamoja na Andrew Swai na wenzao, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 6,299 wenye umri wa miaka 15 na zaidi katika vijiji 6 vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Waliokutwa na kisukari hawakufika mtu 1 katika kila 100. Kigoma haikuwemo, lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba wakulima wa Kasulu walikuwa na sukari nyingi kuliko wa Kilimanjaro. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64, ulipata kiasi cha 9 katika kila 100. Umri na mbinu za chunguzi hizo mbili hazilingani, kwa hiyo mtu asizigawanye moja kwa nyingine akatangaza ongezeko. Mwelekeo, hata hivyo, haufichiki.

Kwa mantiki hiyo, anayesema umubirizi ni dawa ya sukari tangu enzi za mababu anaupa mti historia usiyokuwa nayo. Mababu waliujua mti huo vizuri. Kazi hii tumeupa sisi. Tuliupa kwa hoja inayoeleweka haraka: ugonjwa ni wa utamu, basi dawa ni ya uchungu. Hoja hiyo ndiyo iliyoingiza mwarobaini na karela kwenye glasi za wagonjwa wa pwani, na ndiyo inayouza chupa za wauza dawa wa mitaani wanaojitangaza kuwa wametoka Kigoma, kwa kuwa jina la Kigoma peke yake limekuwa na uzito katika mambo ya tiba. Ila kongosho halina ulimi wa kuonja uchungu wa jani, na kitu chungu kinaweza kushusha sukari, au kuiacha ilipo, au kuharibu ini.

Mmea uliofaulu kweli haukutoka kwetu, nao ulichukua zaidi ya miaka 40 kufika kwa mgonjwa tangu kemia yake ilipojulikana. Ni galega, mmea wa maua ya zambarau wa Ulaya. Wakulima wa huko waliutumia kwa tauni, kwa minyoo, na kuongeza maziwa ya mifugo, ingawa kondoo waliokula kwa wingi walikufa. Mwaka 1914 Mfaransa Georges Tanret alitoa ndani yake kemikali aliyoiita galegini. Mwaka 1918 Watanabe, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionyesha kuwa guanidini, kemikali ya ukoo huohuo, inashusha sukari ya sungura. Ilikuwa habari njema yenye sumu ndani yake. Galegini ilijaribiwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1920. Sukari ikashuka, lakini dawa ilikuwa kali mno. Wajerumani wakatengeneza Synthalin, dawa ya ukoo huo, mwaka 1926. Ikaumiza ini, ikaachwa.

Wakati huohuo metformini, nyingine ya ukoo huohuo, ilikuwa tayari imezaliwa bila kupokewa. Emil Werner na James Bell waliitengeneza Dublin mwaka 1922 wakiwa hawatafuti dawa ya sukari. Mwaka 1929 wanakemia wa Kijerumani Slotta na Tschesche waliona inashusha sukari ya wanyama. Kisha kimya. Insulini ilikuwa imeshika dunia, na nani angehangaika na majani? Mwishoni mwa miaka ya 1940 Eusebio García alikuwa akiitumia Ufilipino kutibu mafua. Ni mwaka 1957 ndipo Jean Sterne, daktari wa Paris ambaye katika ujana wake alikuwa ameshiriki majaribio ya galegini, alichapisha matokeo kwa wagonjwa wa kisukari na kuipa dawa jina la Glucophage. Hata hapo dada yake, fenformini, iliua watu kwa kujaza asidi kwenye damu na kuondolewa katika nchi nyingi mwishoni mwa miaka ya 1970, na metformini ikabeba doa la ukoo. Wamarekani waliikubali mwaka 1994. Mwaka 1998 uchunguzi mkubwa wa Uingereza ulionyesha kuwa wagonjwa wanene walioanza nayo walipungukiwa vifo kwa takriban theluthi moja ukilinganisha na waliotegemea mlo pekee. Ndiyo kidonge cheupe ambacho mgonjwa wa Kibondo huandikiwa leo. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, hasa usiku mtu akiwa hajala.

Nimeieleza safari hiyo kwa urefu kwa sababu mara nyingi hufupishwa kuwa sentensi moja ya sifa: dawa ya kisukari ilitoka kwenye majani. Majani yenyewe yalikuwa sumu. Kilichomfikia mgonjwa ni umbo lililobadilishwa, likapimwa, likashindwa mara kadhaa, likapimwa tena.

Tanzania nayo ilianza kupima. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa asili pale Muhimbili, ambacho baadaye kilikuwa taasisi kamili. Profesa Mainen Moshi na wenzake waliwafuata waganga na kuwauliza wanautambuaje ugonjwa wa sukari na wanautibu kwa kitu gani. Wakachukua mimea wakaijaribu kwa sungura. Walijaribu hata komwe, mbegu hizohizo za kijivu na ngumu tunazosukuma kwenye mashimo ya bao.

Kazi yao ninayoithamini kuliko zote ilihusu Phyllanthus amarus, gugu dogo linaloota uani na kando ya njia bila kupandwa na mtu, linalotajwa kwa kisukari katika nchi nyingi za joto. Moshi, Janet Lutale, Zulfiqarali Abbas, Swai na wenzao hawakuishia kwa wanyama. Waliwachukua wagonjwa 21 wenye kisukari cha ukubwani, wakawapa wiki moja bila dawa ili damu isafike, kisha wiki moja ya maji ya mmea huo. Waliwapima kabla ya kula na baada ya kula, wakaangalia ini, figo na chembe za damu. Sukari haikushuka. Kabla ya kula ilibaki juu ya milimoli 10 kwa lita, baada ya kula juu ya 14. Mwaka 2001 wakachapisha hivyo hivyo, bila kupamba. Mtafiti aliyetumia miaka akitafuta dawa katika mimea ya nchi yake, akaandika kwamba mmea huu haukufanya kazi kwa watu hawa, ametoa huduma kubwa kuliko chupa elfu zenye lebo za rangi.

Buha ina mmea mwingine unaofundisha jambo hilohilo. Warundi huuita umwishwa. Ni Momordica foetida, mtambazi wa ukoo wa karela, mwenye tunda la rangi ya chungwa lililojaa miiba laini. Watafiti wa Nijeria walitoa humo kemikali waliyoiita fetidini, na mwaka 1977 wakaeleza kilichotokea kwa panya. Panya wazima waliofunga walishuka sukari. Panya waliokwisha kuharibiwa kongosho hawakushuka kwa kiasi cha kutajwa. Yaani mmea ulimfaa asiye mgonjwa. Umubirizi ulifanya vizuri zaidi: watafiti wa Nijeria waliripoti mwaka 1992 kuwa maji ya majani yake yalishusha sukari ya sungura, na majaribio ya wanyama yaliyofuata kwingine yakaelekea hukohuko. Hii ni sababu nzuri ya kuuchunguza mti. Haitoshi kumwachisha mtu dawa.

Kwamba watu huachishwa, au hujiachisha, tulijionea mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila wa kijiji cha Samunge, Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha mizizi ya mugariga kwa shilingi 500 kwa ukimwi, saratani, presha, pumu na kisukari. Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi, wakubwa wa serikali walikunywa, na wagonjwa walisafiri kutoka kila pembe ya nchi. Kikombe chenyewe hakikuwa sumu. Madhara yalitoka kwenye vidonge vilivyotupwa njiani na wenye navyo. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kuacha insulini kunaweza kuua ndani ya siku chache.

Ndiyo maana swali la umubirizi lina uzito wa pekee Kasulu na Kibondo. Wilaya hizi zimepokea wakimbizi kwa vizazi, Warundi wa 1972, wa 1993 na wa 2015, na Wakongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996. Nduta, iliyo Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015. Mkimbizi hukimbia bila faili lake la hospitali, lakini hukimbia akiijua miti yake, na kwa Mrundi miti hiyo ameikuta imeota. Mgao wa chakula ni unga, kunde na mafuta. Mwenye kisukari hana nafasi ya kuchagua. Katika hali hiyo mti unaoota bure kando ya kibanda una mvuto ambao hotuba ya kliniki haiwezi kuuondoa, wala sioni kwa nini ijaribu. Muuguzi mwenye busara huuliza, bila kukaripia: unakunywa majani gani, kiasi gani, tangu lini? Kama mti huo kweli unashusha sukari, basi ukinywewa pamoja na insulini au vidonge vya kuchochea kongosho unaweza kuishusha kupita kiasi, mgonjwa akatetemeka, akalowa jasho, akazimia. Hauwezi kuwa na nguvu za kutibu ukakosa nguvu za kudhuru. Anayeficha kwa kuogopa kukaripiwa ndiye anayeokotwa sakafuni alfajiri.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwapa waganga baraza na usajili. Kilichobaki ni kuupa mti wenyewe kipimo cha haki, na hicho kinaweza kufanyika hukohuko unakoota. Majani yachumwe msimu mmoja, yakaushwe, yapimwe kwa gramu, maana konzi ya mtu mmoja si konzi ya mwingine na jani la kiangazi si jani la masika. Wagonjwa waendelee na metformini yao, nusu yao waongezewe umubirizi na nusu wasiongezewe, kwa kura. Ini na figo ziangaliwe. Na muda usiwe wiki moja. Wagonjwa 21 wa Muhimbili walionyesha kwamba gugu la uani halishushi sukari ndani ya wiki moja, lakini kipimo cha HbA1c, kinachosoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo jaribio la umubirizi linahitaji angalau miezi mitatu, na fedha za vijiti vya glukometa kwa kila asubuhi ya miezi hiyo.